Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Usahihi na Upendeleo katika Filamu za Wasifu

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa historia na wa sanaa za maonyesho, na wageni wote mlioitoa jioni yenu ili mje kunisikiliza, nawashukuru.

Naomba nianze na sentensi moja ambayo sote tumeiona mara nyingi, na ambayo ni wachache waliowahi kuisoma mpaka mwisho. Filamu inapomalizika, majina yakaanza kupanda na watu wakaanza kutafuta viatu vyao, hupita maneno madogo yanayosema kwamba wahusika ni wa kubuni na kwamba kufanana kwao na mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa, ni sadfa tu. Sentensi hiyo ina asili yake, na asili yake ni mwanamke mmoja aliyekwenda mahakamani.

Mwaka 1932 kampuni ya MGM ya Marekani ilitoa filamu kuhusu Rasputin, yule mtu wa dini aliyejipenyeza katika nyumba ya mfalme wa Urusi hadi alipouawa Desemba 1916. Ndani ya filamu alikuwamo binti wa kifalme aliyeitwa Natasha, na watazamaji walioneshwa kwamba Rasputin alimharibia heshima yake. Hakuna Natasha aliyewahi kuishi. Lakini Felix Yusupov, mmoja wa watu waliomwua Rasputin, na ambaye alikwisha kukiri jambo hilo katika kitabu, alikuwa na mke aitwaye Irina, na mtu yeyote aliyeijua habari hiyo angemwona Irina katika sura ya Natasha. Irina alikuwa hai. Alishitaki London, na mwaka 1934 akapewa fidia ya pauni 25,000, ambazo kwa wakati ule zilikuwa mali nyingi sana. Kesi hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa chanzo cha ile sentensi ya mwisho wa filamu.

Mtu angetarajia kwamba, baada ya kipigo kile, studio zingeajiri watafiti zaidi, na kumbe zilijifunza kuandika kinga. Nimeileta habari hii mbele kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo nitalirudia jioni hii: Irina alishinda kwa sababu alikuwa hai, alikuwa na jina, na alikuwa na uwezo wa kulipa mawakili. Watu wengi wanaodhulumiwa na filamu za wasifu hawana hata moja kati ya hayo matatu.

Sasa nataka kutenganisha mambo mawili ambayo katika mijadala yetu huvurugwa pamoja. La kwanza ni usahihi: je, jambo hili lilitokea, lini, wapi, na nani alikuwapo? La pili ni upendeleo: je, simulizi hii inavutia upande wa nani? Filamu inaweza kuwa sahihi hadi vifungo vya koti, taa za mezani na namba za magari, na bado ikawa na upendeleo wa kutisha. Na nyingine inaweza kubuni tukio zima bila kumdhulumu mtu yeyote. Tukiwa watazamaji wenye elimu kidogo ya historia, tunapenda kuhesabu makosa ya aina ya kwanza, kwa sababu kuyahesabu ni rahisi na hutufanya tuonekane werevu. Ya aina ya pili hutupita.

Chukueni filamu ya Braveheart ya mwaka 1995, kuhusu William Wallace wa Uskoti, ambayo walimu wa historia wanaipenda kwa sababu makosa yake yanaonekana hata kwa aliyefumba jicho moja. Vita vya Daraja la Stirling vya mwaka 1297 vinapiganwa bila daraja, ingawa daraja lile jembamba ndilo lililowapa Waskoti ushindi. Isabella wa Ufaransa, mke wa mwana wa Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, anampenda Wallace na kubeba mimba yake, ilhali Wallace aliuawa Agosti 1305, wakati Isabella alikuwa mtoto wa miaka kama kumi, na hakuja Uingereza kukaa na mumewe mpaka mwaka 1308. Mwanawe, Edward wa Tatu, alizaliwa mwaka 1312. Ingekuwa kweli, basi ile ingekuwa mimba ya miaka saba.

Tunacheka, na tuna haki ya kucheka. Lakini tukimaliza kucheka tuyapange makosa hayo kwenye mstari mmoja na tuulize yanaelekea wapi. Kuondolewa kwa daraja kunayafanya mapigano yawe ushindi wa ushujaa badala ya ushindi wa kuchagua mahali pazuri pa kupigania. Mimba ya Isabella inauondoa ukoo wa mfalme adui na kuiweka damu ya Wallace juu ya kiti cha enzi. Hata Edward wa Kwanza, aliyekufa mwaka 1307, anafanywa akate roho wakati uleule Wallace anapouawa. Yote yanamnyanyua mtu mmoja. Mizani iliyoharibika mara humpunja mnunuzi, mara humpunja muuzaji. Mizani iliyochezewa humpunja mtu yuleyule kila siku. Makosa ya kutojua hutawanyika huku na huku, na ukiona yote yamelala upande mmoja, acha kumlaumu mtafiti na umtafute aliyeishika mizani. Wahenga walikwisha kusema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Naomba nikae kidogo juu ya filamu moja ambayo haichekeshi, kwa sababu ilitengenezwa kwa nia njema na kwa ustadi mkubwa, na mimi mwenyewe nilitoka ukumbini nikiwa nimeguswa. Hiyo ni The Imitation Game ya mwaka 2014, kuhusu Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza aliyefanya kazi Bletchley Park, kituo cha siri cha Waingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajerumani yaliyopitia mashine ya Enigma. Baada ya vita, mwaka 1952, Turing alihukumiwa kwa sababu ya kuwa na uhusiano na mwanamume mwenzake, akapewa dawa za homoni badala ya kifungo, na mwaka 1954 akafa. Msamaha wa kifalme ulikuja Desemba 2013, miaka karibu sitini baadaye. Mtu wa namna hiyo alistahili filamu.

Tazameni basi alivyotendewa. Oktoba 1941, kazi ilipokuwa imezidi na watumishi hawatoshi, barua ilipelekwa kwa Waziri Mkuu Churchill kuomba watu zaidi, na Churchill akaagiza jambo hilo lishughulikiwe siku ileile. Barua hiyo ilikuwa na sahihi nne: Turing, Gordon Welchman, Hugh Alexander na Stuart Milner-Barry, na Milner-Barry ndiye aliyeipeleka kwa mkono wake. Katika filamu, barua ni ya Turing peke yake, anaiandika ili awekwe juu ya wenzake, na anapata. Sahihi tatu zimefutwa. Welchman, aliyeiongezea mashine ya Turing ya kuifumbua Enigma kifaa kilichoifanya ifanye kazi kwa kasi zaidi, hayumo kabisa. Wapoland, ambao Marian Rejewski wao aliufumbua mpango wa Enigma tangu mwisho wa mwaka 1932, na ambao Julai 1939, majuma machache kabla ya vita, waliwakabidhi Waingereza na Wafaransa yote waliyoyajua, wanaguswa kwa kupita. Kituo kile kilikuja kuwa na watu karibu 9,000, wengi wao wakiwa wanawake, lakini katika filamu unaona banda moja na vijana wachache wanaogombana.

Mtaniambia kwamba filamu inahitaji steringi, na kwamba huwezi kuwapa watu 9,000 nafasi ya kuzungumza. Nakubali. Kumweka mtu mmoja katikati ni kanuni ya fani yenyewe, na anayetaka orodha ya watumishi na aende kwenye nyaraka. Lakini ubora wa steringi hupimwa kwa ubaya wa adui, na adui alipokosekana ilibidi atengenezwe. Aliyeangukiwa na kazi hiyo ni Alastair Denniston, mkuu wa kituo. Katika filamu Denniston ni askari mwenye roho ngumu, anayeichukia mashine na kutaka kumfukuza Turing. Denniston wa kweli alikuwa katika kazi ya kufumbua siri tangu mwaka 1914, ndiye aliyesafiri hadi Poland mwaka 1939 kuupokea ule ujuzi, na ndiye aliyewatafuta wanahisabati vyuoni kabla vita havijaanza, Turing akiwa mmoja wao. Alifariki mwaka 1961, wakati kazi yake bado ilikuwa siri ya serikali. Miaka zaidi ya hamsini baadaye watu wakamjua, na wakamjua kama mpumbavu. Familia yake ililalamika, lakini marehemu hana kesi.

Jambo la ajabu zaidi limempata Turing mwenyewe. Filamu inaonyesha kwamba aligundua mmoja wa wenzake, John Cairncross, alikuwa jasusi wa Wasovieti, na kwamba alinyamaza kwa sababu Cairncross alitishia kuifichua siri ya maisha yake. Cairncross alikuwa jasusi kweli, lakini alifanya kazi katika kitengo kingine, na hakuna ushahidi kwamba wawili hao walijuana. Tafakarini maana ya uzushi huo. Katika miaka ya hamsini serikali ziliwaondoa watu kama Turing katika kazi za siri kwa hoja kwamba wangeweza kutishwa na kugeuzwa wasaliti, na Turing mwenyewe alinyimwa kazi hizo baada ya hukumu yake. Filamu iliyotengenezwa kumsafisha imemchukua na kumfanya mfano wa kuithibitisha hoja iliyomwangamiza. Siamini kwamba mtu yeyote alikaa akakusudia jambo hilo. Nadhani mwandishi alihitaji hofu katikati ya hadithi, akaichukua ya karibu. Upendeleo mwingi huja hivyo, kwa haja ya kujaza dakika kumi.

Kuna upendeleo mwingine ambao hauji kwa bahati, nao unatoka katika mkataba. Kabla kamera haijawashwa, lazima mtu auze haki: haki ya kitabu, haki ya nyimbo, haki ya barua. Mwenye haki hukaa mezani, na anayekaa mezani haonyeshwi vibaya. Filamu ya Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018, kuhusu Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, isingewezekana bila nyimbo za bendi ya Queen, na wawili kati ya wanabendi walio hai, Brian May na Roger Taylor, walishiriki katika utayarishaji wake. Katika filamu, Freddie anawasaliti wenzake kwa kusaini mkataba wa kurekodi peke yake, bendi inavunjika, kisha anarudi akiwa mnyonge kuomba radhi, na wanapatana kwa ajili ya tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985.

Tufungue kalenda. Roger Taylor alitoa albamu yake binafsi mwaka 1981. Brian May alitoa ya kwake mwaka 1983. Freddie alitoa ya kwake mwaka 1985, akiwa nyuma yao wote wawili. Bendi haikuwa imevunjika: ilitoa albamu mwaka 1984 na ilikuwa katika ziara hadi Mei 1985, wiki chache tu kabla ya tamasha. Tena filamu inamfanya Freddie awaambie wenzake kwamba ana virusi vya UKIMWI kabla hawajapanda jukwaani, ilhali kwa maelezo ya mwenzi wake majibu hayo aliyapata mwaka 1987. Kila kosa, mkilipindua, lina maelekeo yaleyale: lawama inamwendea aliyekufa mwaka 1991, na subira pamoja na msamaha vinawaendea waliokuwapo wakati muswada unaandikwa. Sisemi kwamba ni watu wabaya. Huenda katika kumbukumbu zao ndivyo ilivyokuwa. Kila mmoja wetu, akipewa kamera na pesa, angejikumbuka akiwa na subira.

Wakati mwingine mwenye haki hayupo mezani, na ukosefu wake nao huacha alama. Ava DuVernay alipotengeneza Selma mwaka 2014, kuhusu maandamano ya mwaka 1965 ya kudai haki ya kupiga kura, hakuweza kutumia maneno ya hotuba za Martin Luther King, kwa sababu hakimiliki yake ilikuwa imekwisha kupewa watayarishaji wengine. Ilimbidi atunge upya hotuba za mmoja wa wasemaji wakubwa wa karne ya ishirini, zenye mdundo wake lakini bila maneno yake. Mtazamaji anayesikia hotuba zile hana njia ya kujua kwamba hazikutamkwa hivyo. Je, hilo ni kosa la usahihi? Bila shaka. Je, ni upendeleo? Sioni. Watu walioikosoa filamu hiyo waliacha hotuba wakashika namna ilivyomwonyesha Rais Johnson kuwa kikwazo, na nadhani walikuwa na hoja, ingawa nakiri kwamba baada ya filamu nyingi ambazo ukombozi wa watu weusi huletwa na mzungu mwenye huruma, mwongozaji aliyeamua kuivuta ngozi upande wa pili alikuwa na sababu zake.

Hapo nimefika kwenye swali la macho: tunamtazama huyu mtu kwa macho ya nani? Mwaka 1987 ilitoka Cry Freedom, filamu kuhusu Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi wa rangi, aliyefariki tarehe 12 Septemba 1977 mikononi mwa polisi wa Afrika Kusini. Ilitokana na vitabu vya Donald Woods, mhariri mzungu aliyekuwa rafiki yake. Ilipigwa kwa ujasiri, wakati Biko alikuwa bado jina la hatari nchini mwake, na inafungwa kwa majina ya watu waliofia kizuizini pamoja na sababu rasmi zilizotolewa, orodha ambayo sijapata kuisahau. Hata hivyo, shika saa yako. Biko anakufa filamu ikiwa katikati. Nusu iliyobaki ni safari ya Woods na familia yake kutoroka: nywele zinapakwa rangi, mpaka unakaribia, watoto wana hofu. Sidhani kama katika nusu hiyo utakuta uongo wa kukushtua. Upendeleo umo katika dakika: filamu yenye Biko kwenye bango imempa mzungu aliyenusurika muda mwingi kuliko mweusi aliyeuawa, kwa kuwa iliaminiwa kwamba mnunuzi wa tiketi angemfuata huyo kwa urahisi zaidi.

Miaka karibu ishirini baadaye, mwaka 2006, The Last King of Scotland ilikwenda hatua moja mbele. Woods alikuwa mtu wa kweli, lakini daktari kijana wa Kiskoti anayetuongoza ndani ya ikulu ya Idi Amin hakuwahi kuwapo duniani. Ametoka katika riwaya. Mtu anaweza kusema kwamba msimulizi wa kubuni hamdhuru mtu. Mpaka unapokuja kwa Kay. Kay alikuwa mke wa Amin, mwanamke wa kweli. Amin alimtaliki mwaka 1974, na katika mwaka huohuo alifariki, mwili wake ukakutwa umekatwa viungo. Katika filamu, Kay anapata mimba ya yule daktari wa kubuni, na anauawa kwa ajili hiyo. Mauti ya kweli yamepewa sababu ya uongo, na sababu yenyewe ni mwanamume ambaye hakuwahi kuishi.

Mkumbukeni Irina. Yeye naye alizushiwa mwanamume, akapewa pauni 25,000. Kay alizushiwa, na muigizaji mkuu wa filamu akapewa Tuzo ya Oscar, ambayo, nasema bila kejeli, aliistahili. Na kama mnataka kuona upande wa tatu wa jambo hili, tazameni filamu ya Lumumba ya Raoul Peck ya mwaka 2000. Inasimulia kuuawa kwa Patrice Lumumba Januari 1961, na ndani yake anatajwa kwa jina mwanadiplomasia Mmarekani, Frank Carlucci, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Ulinzi wa nchi yake. Carlucci alikanusha kuhusika, alikuwa hai, na alikuwa na mawakili. Filamu ilipooneshwa kwenye televisheni ya Marekani, jina lake lilifunikwa kwa mlio. Sauti za watu wanaojadili mauaji zinasikika vizuri. Jina moja tu ndilo limepotea. Sijui mfano mfupi zaidi wa namna upendeleo unavyofanya kazi.

Nisionekane kama mtu anayechukia filamu, kwa maana ningekuwa naichukia nusu ya starehe zangu. Mwandishi wa muswada ana saa mbili za kueleza miaka sabini. Lazima aunganishe watu watatu kuwa mmoja, asogeze tukio la Machi hadi Desemba, na atunge maneno ya mazungumzo ambayo hakuna aliyeyanakili. Katika Invictus ya mwaka 2009, Mandela anampa nahodha wa timu ya raga ya Afrika Kusini shairi linalobeba jina la filamu. Mandela wa kweli alimpa kipande cha hotuba ya Theodore Roosevelt. Katika Oppenheimer ya mwaka 2023, kuhusu mwanafizikia aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki, mashaka kwamba bomu hilo lingeweza kuiunguza anga yote yanapelekwa kwa Einstein, ilhali aliyefuatwa alikuwa mwanafizikia Arthur Compton. Haya yananisumbua kidogo tu. Hakuna aliyevunjiwa heshima.

Lakini mpaka ni mwembamba kuliko inavyodhaniwa, na mfano wangu ni filamu ninayoipenda. Hidden Figures ya mwaka 2016 inaeleza habari za wanahisabati weusi wa kike katika shirika la anga la Marekani. Katherine Johnson anaonyeshwa akikimbia kwenye mvua, mafaili mkononi, kwenda choo cha watu weusi kilicho mbali, mpaka mkuu wake anapokasirika na kulivunja lile bango la ubaguzi kwa chuma. Ukumbi mzima nilimokuwa ulipiga makofi. Mkuu huyo ametungwa kutokana na watu kadhaa, na bango halikuvunjwa na mtu. Aliyepata taabu ya choo ni mwenzake, Mary Jackson. Katherine wa kweli aliingia choo kilichokuwa karibu naye, ambacho hakikuwa na maandishi, na alipoambiwa kwamba si chake aliendelea kukitumia. Linganisheni. Katika maisha, mwanamke alikataa kwa utulivu na hakuna aliyeweza kumwondoa. Katika filamu, amekimbizwa kwenye mvua ili mwanamume apate nafasi ya kumwokoa. Filamu iliyotaka kumpa heshima imemnyang'anya ile aliyokuwa nayo.

Naomba nimalizie na kisa kilichonitia katika shughuli hii. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasahihisha insha, nikakuta mwanafunzi ameandika, bila shaka yoyote, kwamba Mozart alitiliwa sumu na mtunzi mwenzake Antonio Salieri. Nilimwita nikamuuliza ameyapata wapi. Akanijibu kwa heshima zote, "Mwalimu, hilo nimeliona." Hakusema amesoma wala amesikia. Alikuwa ameitazama Amadeus, filamu ya mwaka 1984 iliyoshinda Tuzo nane za Oscar. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeitazama mara nyingi kuliko yeye, nilijua kwamba hata filamu yenyewe haionyeshi sumu. Inaonyesha mzee aliyerukwa na akili akijidai kuwa ndiye aliyemwua Mozart. Iliyobaki aliimalizia kijana mwenyewe, kisha akashuhudia. Tunaambiwa akili za kuambiwa tuchanganye na zetu, lakini filamu ni habari ya kuambiwa iliyovaa nguo za kushuhudia, na hakuna anayechanganya kitu alichokiona kwa macho yake.

Uvumi huo haukuanzia kwenye filamu. Salieri alikuwa bado hai, mgonjwa hospitalini, watu walipokuwa wakinong'ona kwamba amekiri. Mwanamuziki Ignaz Moscheles alimtembelea mwaka 1823, na mzee akamhakikishia kwamba hakuna ukweli wowote. Alifariki mwaka 1825. Mwaka 1830 mshairi wa Urusi, Pushkin, akauandikia uvumi ule mchezo mfupi, baadaye ukawa opera, baadaye mchezo wa jukwaani wa Peter Shaffer, na hatimaye filamu. Katika filamu, Salieri ni mtu aliyejinyima wanawake kwa ajili ya Mungu, mwenye kipaji cha wastani, anayekula sumu ya wivu. Salieri wa kweli alikuwa na mke na watoto wanane, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo Beethoven, Schubert na Liszt, pamoja na mtoto mdogo wa Mozart mwenyewe, aliyeletwa kwake baada ya baba yake kufariki. Wajane hawana desturi ya kuwapeleka watoto wao kwa mwuaji wa mume wao.

Iko pia barua. Tarehe 14 Oktoba 1791, majuma saba kabla hajafa, Mozart alimwandikia mkewe kwamba alimpitia Salieri kwa gari la farasi, akampeleka kuitazama opera yake mpya, na kwamba Salieri alisikiliza kwa makini yote na hakukuwa na kipande ambacho hakukishangilia. Na mwishoni mwa mwaka 2015, katika hazina ya makumbusho ya muziki mjini Prague, kiligunduliwa kijitabu kilichochapwa mwaka 1785, chenye wimbo wa kushangilia kupona kwa mwimbaji Nancy Storace, aliyekuwa amepoteza sauti. Muziki wake uligawanywa kwa watunzi watatu, na wawili kati yao ni Mozart na Salieri. Nimeuleta jioni hii, na kwa idhini ya Mwenyekiti nitaupiga sasa kwenye kile kinanda pale nyuma. Ni wa dakika chache tu.